Jinsi ya Kupata Kiota cha Korongo Taji Bila Kumwinua Anayeatamia

Mvua zikianza tu, maswali ni yale yale. "Droni ipae mita ngapi?" "Lazima niwe na kamera ya joto?" "Nimeona korongo mmoja peke yake kandokando ya matete, je, kuna kiota?" Wanaouliza ni wanafunzi wa wanyamapori, vijana wa vikundi vya kulinda vinamasi, na mara nyingine mkulima aliyesikia korongo wakilia chini ya shamba lake na anataka kujua upande gani asipeleke ng'ombe. Badala ya kumjibu kila mtu kivyake, nimeyaweka yote hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu ndege mwenyewe. Korongo taji ni yule aliye katikati ya bendera ya Uganda, mwenye taji la manyoya ya rangi ya dhahabu. Tangu mwaka 2012, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini kutoweka. Akisimama anafika mita moja hivi, lakini akilala juu ya mayai katikati ya ndago na matete unaweza kupita hatua kumi kutoka kwake usimwone. Kiota ni rundo la majani yaliyovunjwa na kukanyagwa, upana wake haufiki mita moja, na chini yake huwa kuna maji ya kina kifupi. Jike hutaga mayai 2 hadi 4, kisha yeye na dume huatamia kwa zamu kwa siku 28 hadi 31. Kwa macho dume na jike wanafanana, usipoteze muda kuwatofautisha.

Kwa nini tusiingie tu kwa miguu tukaangalie? Kwa sababu mzazi akiinuka, mayai yanabaki wazi kwa jua au mvua, na kunguru aliye juu ya mti anaona kila kitu. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni njia unayoiacha. Majani ya kinamasi yakivunjwa hayasimami tena siku hiyo wala kesho yake. Nguchiro anaifuata, mbwa anaifuata, watoto wanaochunga wanaifuata. Msimu wangu wa kwanza niliingia mpaka kwenye kiota, nikahesabu mayai matatu, nikatoka nikiwa na furaha. Siku ya nne nilisimama kilimani na darubini. Njia yangu bado ilionekana kama mstari uliochorwa, na kiota kilikuwa kitupu. Siwezi kuapa kwamba ni njia ile iliyomleta mwizi. Lakini tangu siku hiyo sijaingia tena kwenye matete wakati wa kuatamia.

Kwa hiyo kipimo cha kazi hii ni kimoja: umekipata kiota, na aliyelala juu yake hakuinuka.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

Ruhusa. Anza na mwenye shamba, kisha chifu au mwenyekiti wa kijiji. Vinamasi vingi vya korongo haviko ndani ya hifadhi, viko katikati ya mashamba ya watu. Droni ina sheria zake, na kila nchi ina mamlaka yake ya usafiri wa anga inayozisimamia: Kenya ni KCAA, Tanzania ni TCAA, Uganda ni UCAA, Rwanda ni RCAA. Ndani ya hifadhi ya taifa utahitaji pia kibali cha wanaoisimamia, kama KWS, TANAPA au UWA. Kama ni utafiti, omba pia kwa tume ya sayansi: NACOSTI kwa Kenya na COSTECH kwa Tanzania. Vibali huchukua muda mrefu kuliko unavyodhani, kwa hiyo omba kabla ya mvua.

Darubini ya mkononi, 8x42 au 10x42, yaani inayokuza mara 8 au 10. Ukiweza kuazima ile kubwa ya miguu mitatu inayokuza mara 20 hadi 60, azima. Ndiyo chombo chenye faida kuliko vyote kwenye orodha hii, droni ikiwemo.

Watu wawili, kila mmoja na simu yenye dira na ramani. Mtu mmoja anaweza, lakini itamchukua asubuhi nyingi zaidi.

Droni ndogo yenye kamera ya kawaida. Yenye zuumu ni bora, maana zuumu inakuwezesha kubaki juu. Kamera ya joto si lazima, nitaieleza mbele.

Betri tatu zilizojaa, memori kadi tupu, mkeka wa kurukia, daftari na kalamu ya risasi. Wino hulowa umande.

Nguo za rangi ya udongo au majani makavu. Acha nyumbani koti jekundu na fulana nyeupe.

HATUA

1. Uliza watu kabla ya kutazama ndege

Zungumza na wanaochunga, wanaokata matete ya kuezekea, wanawake wanaochota maji na wavuvi wa kambare. Swali zuri si "kiota kiko wapi?" Swali hilo linamfanya mtu aende kukutafutia, na ataingia na mbwa wake. Uliza: "Korongo wawili wawili huwaona upande gani asubuhi?" Uliza pia mwaka jana walionekana wapi na makinda, kwa sababu jozi hurudi kwenye eneo lao.

Msimu nao usiuchukue kwenye kitabu. Katika Afrika Mashariki korongo taji wanaweza kutaga mwezi wowote, na kilele hubadilika kutoka kinamasi hadi kinamasi kufuatana na mvua na kina cha maji. Wakazi wanajua kilele cha kwao.

2. Chora kinamasi chako ukiwa nyumbani

Fungua picha za setilaiti kwenye Google Earth. Ukitaka picha za karibuni tumia Sentinel-2, ambazo ni za bure, ila kila nukta yake ni mita 10 ardhini, kwa hiyo humo utaona maji na majani tu. Tia alama sehemu tatu: palipo na majani marefu yenye maji katikati, njia za watu na mifugo, na vilima au tuta unapoweza kuketi ukaona chini. Gawa kinamasi vipande na uvipe namba. Kipande kilichokatwa na njia ya ng'ombe kila siku kiweke mwisho wa orodha. Kilicho mbali na njia, chenye maji ya kufika goti, kiweke mwanzo.

3. Keti alfajiri, utazame

Hii ndiyo kazi yenyewe. Hatua nyingine zote zinakuja kuthibitisha ulichokiona hapa, na wengi wanaoshindwa huwa wameiruka hii kwa haraka ya kurusha droni.

Fika kwenye kilima chako kabla ya saa 12 asubuhi, umbali wa mita 300 au zaidi kutoka ukingo wa matete. Keti chini, usisimame juu ya kichuguu kama sanamu, maana mtu aliyesimama anaonekana kutoka mbali. Korongo taji hulala juu ya miti, jambo ambalo korongo wa nje ya Afrika hawalifanyi. Kukipambazuka utaona makundi yakiondoka mtini. Makundi usiyafuate. Kundi la korongo kumi na tano wanaokula kwenye shamba lililovunwa ni la wasiotaga, wengi wao bado vijana.

Unachotafuta ni jozi iliyojitenga, na hasa jozi inayoonekana nusu. Korongo mmoja anakula peke yake kwenye ukingo wa kinamasi, anainua kichwa kila mara kuangalia upande mmoja, wala haendi mbali. Mwenzake yuko wapi? Kama ni msimu wa kutaga, kuna uwezekano mkubwa amelala juu ya mayai.

Sasa subiri zamu. Kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, mmoja atarudi kumpokea mwenzake. Hapa ndipo wageni wanapokosea: anayerudi hatui kwenye kiota. Anatua mbali kidogo, anajifanya anakula, kisha anatembea ameinamisha shingo mpaka anapotea kwenye majani. Baada ya dakika chache mwingine anatokea, na mara nyingi hatokei pale pale alipoingilia wa kwanza. Andika mahali pote pawili pamoja na saa. Kiota kiko ndani zaidi, kati ya alipozama mmoja na alipoibuka mwingine.

Tahadhari: ukiona korongo anakimbia ameburuta bawa kana kwamba limevunjika, au amesimama wima anakutazama na kulia, umekaa karibu mno. Huyo anakuvuta uondoke. Rudi nyuma mita 100 na usijongee tena siku hiyo.

Toa asubuhi mbili hadi tatu kwa kila jozi. Asubuhi moja haitoshi, hata kama una bahati.

4. Piga mistari miwili ya dira

Ukishajua "hapo hapo kwenye ndago nyeusi karibu na mti uliokauka", bado hujajua kitu. Ukifika upande wa pili wa kinamasi, ndago zote ni nyeusi. Kwa hiyo mmoja wenu akae kilima hiki, mwingine akae kilima kile, na wote wawili mlenge dira za simu pale ndege anapozama. Kila mmoja aandike nyuzi zake na mahali alipoketi. Nyumbani chora mistari hiyo miwili kwenye ramani, na inapokatana ndipo pa kutafuta.

Mambo matatu ya kuzingatia. Zungusha simu kwa umbo la namba nane kabla ya kupima, ili dira ijisawazishe. Usipime ukiwa umeegemea gari, pikipiki au ukuta wa mabati, kwa sababu chuma huvuta dira. Na chagueni vilima ambavyo mistari yenu itakatana kama msalaba. Mistari inayokaribia kulala pamoja haitoi jibu. Kosa la nyuzi 2 tu kwenye umbali wa mita 400 linakusogeza mita 14 pembeni. Kwa hiyo usitie nukta moja kwenye ramani, chora mraba wa mita 60 kwa 60. Huo mraba ndio utakaopewa droni.

5. Jiulize kama droni inahitajika kweli

Kama unachotaka ni kujua jozi ngapi zinataga kwenye kinamasi, au kumwambia mkulima asikate matete upande huu kwa mwezi mmoja, mraba unatosha. Fungasha vitu uende nyumbani. Droni ina maana pale unapohitaji idadi ya mayai, picha ya maji yanavyozunguka kiota, au uhakika kwamba anaatamia kweli. Kwa kiota kimoja, irushe mara moja au mbili kwa msimu mzima.

6. Andaa droni mbali na kiota

Rukia mahali palipo mita 200 au zaidi kutoka kwenye mraba, ikiwezekana nyuma ya miti au mwinuko. Tandika mkeka ili vumbi na mbegu za nyasi zisiingie kwenye mota. Kagua mapangaboi: lenye pengo dogo tu hupiga kelele kali, na kelele hiyo ndiyo inayomwinua ndege. Zima taa za droni kama sheria inaruhusu. Weka kamera ipige picha kila baada ya sekunde 3, na uweke urefu wa kurudi nyumbani, yaani ule ambao droni huutumia ikijirudisha yenyewe pale ilipopaa, usiopungua mita 80, ili mawasiliano yakikatika isirudi kwa kupita chini juu ya kinamasi.

Chagua kati ya saa 1 na nusu na saa 3 na nusu asubuhi, siku yenye mawingu mepesi na upepo kidogo. Usirushe mvua inaponyesha au inapokaribia, kwa sababu mayai yakilowa yanapoa. Usirushe mchana wa jua kali pia. Mzazi akiinuka saa 7 mchana, mayai yanachomeka, na kivuli cha droni kinapita juu yake kama cha mwewe.

7. Ruka kwa mwendo wa pembeni, kamwe usishuke juu yake

Utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2015 ulijaribu droni kwa bata, heroe na ndege wengine wa majini. Mara nyingi ndege hawakushtuka hata droni ilipowakaribia sana, lakini walishtuka zaidi ilipowashukia kutoka juu moja kwa moja. Haishangazi, maana adui wao anayeruka hushuka hivyo hivyo. Korongo anayeatamia si bata aliyepumzika, kwa hiyo usichukue ukaribu wa utafiti ule kuwa ruhusa. Chukua funzo la pembe.

a) Panda ukiwa pale pale ulipo mpaka mita 80. Kenya kikomo cha kisheria ni futi 400, yaani mita 120 hivi, kwa hiyo una nafasi ya kwenda juu zaidi kama ardhi yako ina miti mirefu.

b) Ukishafika urefu huo ndipo uelekee kwenye mraba, mwendo wa mita 3 hadi 4 kwa sekunde. Usiharakishe, usisimame ghafla. Mlio unaobadilika badilika unashtua kuliko mlio mmoja.

c) Mwenzako akae na darubini, macho yake kwa ndege tu. Asitazame droni wala skrini. Mkubaliane neno moja, "Rudi!", na likitamkwa rubani asiulize kwa nini.

d) Pita juu ya mraba mistari miwili iliyoachana mita 40, kamera ikitazama chini, bila kusimama. Kutoka mita 80 kamera ya kawaida ya droni ndogo inakupa nukta ya sentimita 2 hadi 3 ardhini. Korongo ataonekana waziwazi, na yai la sentimita 8 litaonekana kama nukta chache nyeupe zenye ubuluu hafifu.

e) Maliza mraba ndani ya dakika mbili, ondoka kwa mwendo ule ule, tua ulikorukia.

Tahadhari: kishawishi kikubwa kinakuja ukiona duara la majani yaliyolala kwenye skrini. Mkono unataka kushuka hadi mita 20 ili picha iwe nzuri. Usishuke. Kama una zuumu, itumie ukiwa juu na pembeni. Kama huna, picha ya mita 80 ndiyo picha yako.

Na kama hukuona mayai kwa sababu mzazi ameyalalia, umefaulu. Usisubiri hewani mpaka ainuke.

8. Tafuta kiota kwenye picha, usikitafute hewani

Skrini ya simu juani inadanganya. Fungua picha nyumbani kwenye kompyuta, ukuze, upite kipande kwa kipande kutoka kushoto kwenda kulia. Kiota huonekana kama duara la rangi ya majani makavu ndani ya kijani, mara nyingi pembeni yake pana uwazi ambao wenyewe wameukanyaga. Ukibaki na mashaka, linganisha picha ya mstari wa kwanza na ya pili: jiwe na rundo la mafunjo makavu havigeuzi shingo.

9. Andika tarehe, kisha ufiche mahali

Daftarini: tarehe, saa, urefu wa droni, hali ya hewa, idadi ya mayai kama yalionekana, na alichofanya ndege kuanzia droni ilipotokea mpaka ilipoondoka. Safu hii ya mwisho ndiyo watu huiacha wazi, na ndiyo ingewasaidia wanaokuja baada yenu kujua urefu gani unafaa kwenye kinamasi hicho.

Halafu hesabu siku 31 kutoka siku uliyothibitisha kwamba anaatamia. Baada ya siku hiyo mayai yatakuwa yameanguliwa au yameharibika, hakuna jibu la tatu.

Kila picha ya droni na simu hubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Zima au futa taarifa hiyo kabla ya kumtumia mtu yeyote, hata kwenye kundi la WhatsApp la marafiki. Makinda ya korongo taji huibwa yakafugwa kama mapambo ya bustani. Rwanda walilazimika kuwakusanya korongo waliokuwa wakifugwa hotelini na majumbani, na wengine walikuwa wamelemaa hata wasiweze kurudishwa porini. Picha nzuri yenye nukta za ramani ni barua kwa mwizi.

10. Fuatilia kwa macho

Mara moja kwa wiki rudi kilimani na darubini, saa ile ile. Zamu zinaendelea? Basi kiota kipo, na huna haja ya kujua zaidi. Mweleze mwenye shamba anachoweza kufanya, kama kuchunga upande wa pili, kufunga mbwa, na kuahirisha kukata matete. Usimwonyeshe mahali kwa kidole mbele ya watu.

KUHUSU KAMERA YA JOTO

Ni kamera inayoonyesha joto la vitu badala ya rangi zake. Inasaidia kwenye kinamasi kikubwa ambacho huna kilima cha kuketi, kama yale mabonde mapana ya mafunjo. Muda wake ni mfupi: kuanzia mwanga wa kwanza mpaka saa 1 na robo hivi, kabla jua halijapasha majani moto. Kamera nyingi ndogo za aina hii zina nukta 640 kwa 512, na kutoka mita 80 kila nukta ni sentimita 10 hivi. Korongo aliyelala atakuwa na urefu wa nukta tano hivi, alama ndogo tu.

Usitarajie ndege mzima ang'ae. Manyoya yanazuia joto, kwa hiyo kinachong'aa zaidi ni kichwa na shingo. Vingine vinavyong'aa ni vingi: maji yaliyo wazi, ambayo alfajiri huwa na joto kuliko majani, vichuguu, kinyesi kibichi cha ng'ombe, na nzohe, yule swala wa kinamasi, aliyelala, kama uko mahali kama hifadhi ya Saiwa nchini Kenya. Kila alama ya joto ithibitishwe na picha ya kawaida au na darubini. Kama pesa zako zinatosha kimoja tu kati ya kamera ya joto na darubini ya miguu mitatu, nunua darubini.

KUHUSU KAMERA YA MTEGO

Ni kamera inayojipiga yenyewe kitu kikipita, na inaonyesha nani anakula mayai, jambo ambalo droni haiwezi. Lakini kuiweka kunadai mtu aingie kwenye matete, yaani kile kile tunachokikwepa. Kama ni mara yako ya kwanza, usiiweke. Wenye uzoefu na kibali huingia siku ya mawingu, kwa maji badala ya majani pale inapowezekana, hukaa chini ya dakika kumi, huweka kamera mita kadhaa kutoka kiotani, na hawakati hata jani moja mbele ya lenzi.

IKIENDA KOMBO

Ndege ameinuka. Ondoa droni kwa upande ule ule iliotokea, kwa urefu ule ule, bila kuongeza kasi. Anza kuhesabu dakika. Wakati mwenzako anatazama kiota, mwingine atazame juu kama kuna kunguru au mwewe. Mara nyingi mzazi hurudi mwenyewe kelele ikiisha. Akipita dakika 20 hajarudi, sogeeni nyuma nyinyi pia, huenda anawaona. Kiota hicho kisirushiwe droni tena msimu huu.

Mwewe anaishambulia droni. Usimkimbize wala usikae mahali pamoja. Iondoe kwa mstari ulionyooka kuelekea ulikorukia, utue, ungoje nusu saa. Akirudi tena, siku hiyo imekwisha. Kuna uwezekano naye ana kiota karibu.

Umetazama asubuhi tatu na jozi iko, lakini hakuna zamu. Yaelekea hawajataga bado. Jozi hushika eneo, hucheza na kulia pamoja kwa muda kabla ya yai la kwanza. Rudi baada ya siku kumi.

Mistari ya dira haikatani. Mmoja alimtazama korongo mwingine. Rudieni, na safari hii muwe kwenye simu mkizungumza ndege anapozama: "Anaingia sasa, kushoto kwa mti uliokauka."

Picha zote zina ukungu. Kama ukungu wenyewe uko juu ya kinamasi, ngoja uondoke. Kamera ya joto nayo haipenyi ukungu mzito. Kama hewa ni safi, futa lenzi, kwa sababu droni iliyotoka kwenye begi lenye joto hupata jasho alfajiri.

Betri inashuka haraka. Kwenye nyanda za juu baridi ya asubuhi huidhoofisha. Iweke ndani ya koti lako mpaka dakika ya kuruka, na urudi ikiwa imebaki asilimia 40, sio 20.

Kiota kipo, mayai yapo, mzazi hayupo. Usitangaze kwamba kimetelekezwa. Inawezekana umepita wakati wa zamu, au hawajamaliza kutaga na hawajaanza kulalia sawasawa. Tazama kutoka kilimani asubuhi mbili zaidi kabla ya kuandika chochote.

Kiota kimekuwa kitupu kabla ya siku 31. Angalia kwanza ukingo wa kinamasi na nyasi fupi zilizo jirani. Makinda ya korongo huondoka kiotani siku moja au mbili tu baada ya kuanguliwa, yakitembea nyuma ya wazazi, na pengine ulikipata kiota kikiwa na wiki mbili tayari. Wazazi wawili wanaotembea polepole sana wakitazama chini kwenye majani, huku wewe huoni wanachokitazama, wana makinda. Hapo kunja droni, uiweke kwenye begi, na ubaki na darubini.